Pikipiki Inazimika Njiani: Fuateni Petroli Kabla ya Kumlaumu Dereva

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mbegu, mbuzi, maji na vitabu vya hesabu. Leo tuzungumze juu ya pikipiki. Vikundi vingi vina pikipiki moja kuukuu inayobeba mazao, inayopeleka wagonjwa na inayomfikisha katibu benki. Ikiwa nzima hakuna anayeikumbuka. Ikianza kuzimika njiani, kikundi kizima kinaugua pamoja nayo.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga katika milima ya Taita kilinunua pikipiki ya zamani, cc 125, kwenye mnada. Walichanga kwa muda mrefu mpaka wakaipata. Kazi yake ilikuwa kutoa kabichi na nyanya mabondeni na kuzifikisha soko la Mwatate. Na usiku mgonjwa akizidiwa, ni hiyo hiyo ya kumpeleka hospitali Wundanyi.

Baada ya mwaka hivi taabu ikaanza. Pikipiki inawaka vizuri nyumbani, lakini ikianza kupanda kutoka bondeni na mzigo, inakohoa kama mtu mwenye pumu, halafu inazimika. Dereva anasubiri kidogo, anapiga kiki, inawaka, inaenda hatua chache, inazimika tena. Siku moja kabichi zilifika sokoni saa nane mchana, wanunuzi wamekwisha kwenda zao. Na wakati huo huo mama mweka hazina akaona kwenye daftari lake kwamba pesa ya petroli imepanda karibu mara mbili.

Mkutanoni akamuuliza dereva mbele ya watu wote: "Kijana wangu, petroli yetu inakwenda wapi?"

"Mama, sijauza hata kijiko. Pikipiki yenyewe inakunywa."

"Inakunywa, na huku inazimika kwa njaa?"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Wengine walisema kijana arudishe ufunguo siku hiyo hiyo. Fundi mmoja naye alikuwa amesema dawa ni kununua kabureta mpya, na pesa pekee iliyokuwepo ilikuwa ya mbegu za msimu.

Swali la mama lilikuwa la haki. Je, pikipiki inaweza kunywa sana na kufa njaa kwa wakati mmoja? Tutarudi kwenye kisa hiki. Kwanza tujue petroli inavyosafiri.

NJIA YA PETROLI NI KAMA MFEREJI

Maji ya mfereji yakikosa shambani, hamuanzi kwa kung'oa mahindi. Mnafuata mfereji kutoka chanzo, mkitazama pahali ulipoziba au ulipobomoka. Pikipiki ya zamani ni hivyo hivyo. Petroli inateremka yenyewe kwa uzito wake, kutoka tangini juu hadi kwenye kabureta chini. Vituo vyake ni hivi:

1. Kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie badala yake.

2. Tangi lenyewe. Hapa ndipo kutu, maji na mchanga hukaa.

3. Koki. Huwa na alama ya kufungua, kufunga, na akiba. Ndani ya tangi, juu ya koki, kuna chujio laini la waya au plastiki.

4. Paipu ya mpira. Nyingine ina chujio dogo katikati.

5. Kabureta. Chini yake kuna bakuli. Ndani ya bakuli kuna floti, ambayo ni sawa na lile boya la tangi la maji la shule. Petroli ikijaa, floti inapanda na kusukuma sindano ifunge mlango. Ikipungua, floti inashuka na mlango unafunguka.

6. Jeti. Ni vijitundu vya shaba vilivyo ndani ya kabureta. Jeti ndogo hulisha injini inaponguruma polepole, jeti kubwa huilisha ikiwa na mwendo na mzigo.

7. Klina ya hewa. Petroli haiwaki peke yake, lazima ichanganyike na hewa safi kwa kipimo chake.

Kuna pikipiki za zamani ambazo koki yake hufunguliwa na mvuto wa injini yenyewe kupitia kipaipu cha pili chembamba. Hiyo haitoi petroli mpaka injini izunguke, labda uiweke kwenye alama ya PRI. Tena, pikipiki mpya zinazotumia pampu na kompyuta badala ya kabureta haziko katika somo hili. Paipu yake ina nguvu ya pampu, usiifungue bila mtu aliyesomea.

TAHADHARI KWANZA

Petroli si mafuta taa. Hewa yake haionekani, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hutambaa chini mpaka ikute moto. Hatujasahau tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipopinduka Sachang'wan karibu na Molo. Watu walikuwa wakichota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Bakuli la kabureta ni dogo sana kuliko lori, lakini petroli ni ile ile. Kwa hiyo:

- Fanyeni kazi nje, mchana, injini ikiwa imepoa. Msiwe karibu na jiko, taa ya moto wala mtu anayevuta sigara.

- Msifyonze petroli kwa mdomo kupitia paipu. Ikiingia mapafuni hata kidogo inaweza kuua. Mtu akimeza, msimlazimishe kutapika wala msimpe maziwa eti ni dawa. Mpelekeni hospitali.

- Msiweke petroli kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma harufu.

- Msiegeshe pikipiki inayonuka petroli ndani ya nyumba wanamolala watu, wala karibu na jikoni.

- Wekeni ndoo ya mchanga karibu. Maji hayazimi moto wa petroli, huutawanya.

KWANZA ULIZENI PLAGI

Pikipiki ikikataa kuwaka, watu wengi hukimbilia kabureta. Ngojeni. Kwanza hakikisheni swichi imefunguliwa na kuna petroli tangini. Mtikise pikipiki mkisikilize, msiamini geji ya zamani. Halafu pigeni kiki mara sita au saba, kisha mfungue plagi na kuitazama.

Plagi ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Anzeni kufuata mfereji.

Plagi ikiwa imelowa petroli, basi petroli inafika. Ama inafika kupita kiasi, ama haipati cheche ya kuiwasha. Hapo kazi inaweza kuwa ya umeme na si ya mafuta. Ifuteni, ikaukeni vizuri, muirudishe na mjaribu tena. Kujaribu cheche ni kugusisha plagi kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Lakini msifanye hivyo kama petroli imemwagika, na msiiweke plagi karibu na tundu lake, maana hewa ya petroli inatoka humo.

Plagi iliyokuwa inafanya kazi ina habari pia. Ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, ni nzuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi, injini inapata petroli nyingi au hewa kidogo. Ikiwa nyeupe kama iliyoungua, inapata petroli kidogo au hewa nyingi. Hii nyeupe ndiyo ya kuogopa, maana injini inachemka na inaweza kutoboka pistoni. Pikipiki za zamani zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli ziko hatarini zaidi, kwa sababu petroli ikipungua, oili nayo imepungua.

KUFUATA MFEREJI, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: kifuniko. Hii haigharimu hata shilingi. Pikipiki ikizimika njiani, fungueni kifuniko cha tangi. Kama mkisikia hewa inavutwa ndani kwa sauti, na ukifunga polepole pikipiki inawaka na kuendelea, tundu la kifuniko limeziba. Vumbi na matope ndiyo huliziba. Oshweni kifuniko kwa maji ya sabuni, mzibue tundu, kikauke, basi. Msiendeshe na tangi wazi, wala msizibe na tambara au karatasi ya nailoni kama kifuniko kimepotea. Nailoni ndiyo hiyo hiyo inayozuia hewa, na tambara linachukua moto.

Hatua ya pili: mtiririko. Chomoeni paipu pale inapoingia kwenye kabureta, muielekeze kwenye chombo kisafi kinachoonekana ndani, kisha mfungue koki. Petroli itoke kwa mfululizo kama uzi. Iachieni dakika moja nzima huku kifuniko kimefungwa. Kama inaanza vizuri halafu inakuwa matone, rudini kwenye kifuniko. Kama ni matone tangu mwanzo, koki, chujio au paipu imeziba. Kama alama ya akiba inatoa na ile ya kawaida haitoi, ama petroli imeshuka, ama mrija wa ndani umeziba.

Watu huuliza, petroli ya kutosha ni ngapi? Tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita moja, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, inatumia lita moja na nusu kwa saa. Hiyo ni mililita 25 kwa dakika, yaani vijiko vitano vya chai. Kwa mlima na mzigo inataka zaidi ya hapo. Ndiyo sababu koki iliyoziba nusu inaweza kukudanganya. Nyumbani na kwenye tambarare vijiko vinatosha. Mlimani bakuli linakauka, pikipiki inazimika. Ukingoja kidogo bakuli linajaa tena, inawaka. Ni kama debe la maji lenye bomba dogo: mtu mmoja ananawa vizuri, wakija kumi maji yanakatika.

Hatua ya tatu: itazameni hiyo petroli. Msiimwage. Iacheni itulie kwenye chombo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kama shanga au mstari unaoonekana. Kutu itakaa chini kama unga wa kahawia. Mkiona yoyote kati ya hayo, ugonjwa uko tangini, na kusafisha kabureta peke yake ni kufuta maji sakafuni huku bomba liko wazi.

Petroli iliyochanganywa na mafuta taa nayo ni taabu ya kweli. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuzuia uchanganyaji huo, lakini msiache kuwa macho, hasa na petroli ya mtungi kando ya barabara. Tieni tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama. Ikibaki doa la mafuta baada ya muda, ina kitu kingine ndani. Kumbukeni tu kwamba petroli iliyotiwa oili kwa ajili ya injini zile za kuchanganya lazima iache doa.

Hatua ya nne: koki, chujio na paipu. Mwageni petroli yote ya tangi kwenye mtungi unaofaa, halafu mfungue koki. Chujio likiwa na uchafu, lioshwe kwa brashi laini na petroli kidogo. Likiwa limetoboka au halipo, nunueni lingine, ni spea ya bei ndogo. Msikubali mtu awaambie kwamba chujio "si lazima". Paipu ikiwa ngumu, imepasuka au imekunjwa pahali, ibadilishwe kwa paipu ya petroli, si ile ya maji ya hospitali. Ile ya plastiki hukakamaa na kupasuka.

Hatua ya tano: bakuli la kabureta. Fungeni koki. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Ifungueni juu ya kikopo, mtazame kinachotoka. Mara nyingi maji na uchafu vikitoka hapo, pikipiki inapona bila kufungua kitu kingine. Kama haijapona, fungueni bakuli. Tandikeni kitambaa cheupe chini, mpange vitu kwa mstari kama vinavyotoka, na mtu mmoja aandike. Skrubu za pembeni za kurekebisha msiziguse bila kuhesabu. Ikazeni kwanza polepole mpaka mwisho huku mkihesabu mizunguko, muandike, ndipo mfungue. Wakati wa kurudisha mtajua pahali pake.

Jeti ni shaba, na shaba ni laini. Msitie sindano ya kushonea wala waya wa baiskeli. Tundu likipanuka hata kidogo, pikipiki itakunywa maisha yake yote. Tumieni unywele wa brashi ya nailoni au uzi mmoja wa waya laini wa umeme, kisha pulizeni kwa pampu ya gurudumu. Inueni jeti mtazame jua likiwa upande wa pili, bila kulikodolea jua lenyewe. Mwanga upite mviringo.

Hatua ya sita: floti na sindano. Hapa ndipo petroli inapopotea. Tikiseni floti karibu na sikio. Mkisikia kitu kinachezacheza ndani, imetoboka, imekunywa petroli na haiwezi tena kuelea. Sindano itazameni ncha yake. Ikiwa na alama ya mduara iliyolika, haifungi tena. Hata ikiwa nzima, punje moja ya kutu ikikaa mlangoni, mlango unabaki wazi na bakuli linafurika. Petroli inatoka kwa kipaipu cha chini kwenda ardhini. Mbaya zaidi, inaweza kuingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Kwa hiyo nusani oili. Ikinuka petroli, imwageni mtie nyingine kabla ya kuwasha.

Hatua ya saba: hewa. Klina iliyojaa vumbi huifanya injini ivute petroli nyingi kuliko hewa, na moshi mweusi unatoka. Ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi haioshwi, hukung'utwa, na ikizeeka hubadilishwa. Mtazame pia ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, hewa ya bure inaingia, na pikipiki haitaki kutulia bila choki.

KWA UFUPI, DALILI NA MAHALI PA KUANZIA

Inawaka, inaenda kilomita moja au mbili, inazimika, baada ya kungoja inawaka: kifuniko, halafu koki na chujio.

Haiwaki, plagi kavu: koki, paipu, sindano iliyonasa ikiwa imefunga.

Inawaka kwa choki tu, ukiondoa inazimika: jeti ndogo imeziba, au mpira wa kabureta unavuta hewa.

Nzuri polepole, inakata mlimani na mzigo: mtiririko mdogo, au jeti kubwa imeziba nusu.

Moshi mweusi, plagi nyeusi, harufu ya petroli: choki imenasa, klina chafu, floti au sindano.

Petroli inadondoka chini ikiwa imeegeshwa: sindano au floti. Na kila jioni fungeni koki.

KISA KILIISHAJE

Sasa turudi Taita. Mzee mmoja wa kikundi, ambaye zamani alifanya kazi kwenye karakana, aliomba apewe siku moja kabla ufunguo haujarudishwa. Alisema, "Wenzangu, tusihukumu kabla ya kutazama."

Waliitoa pikipiki nje, wakafungua koki na kuweka kikopo cheupe chini ya kipaipu cha kabureta. Wakakaa chini ya mti wakiongea. Baada ya nusu saa mama mweka hazina mwenyewe akainuka kutazama. Kikopo kilikuwa na petroli. Hakuna aliyeigusa pikipiki, na petroli imetoka. Hapo stoo ilipokuwa ikilala sakafu ni ya udongo, kwa hiyo kila usiku petroli ilikuwa inanywewa na ardhi na kupotea hewani. Koki ilikuwa haifungwi kwa sababu mpini wake ulikuwa mgumu. Na ukuta wa pili wa ile stoo ni jikoni.

Wakafungua zaidi. Chujio la koki lilikuwa limetoboka. Tangi lilikuwa na kutu, maana pikipiki ilikaa muda mrefu kabla ya mnada, tangi likiwa tupu, na unyevu ukafanya kazi yake. Punje za kutu zilikuwa zinapita. Zilizokaa kwenye mlango wa sindano zilifanya petroli ifurike usiku. Zilizofika kwenye jeti kubwa ziliinyima injini petroli mchana. Hilo ndilo jibu la swali la mama. Pikipiki ilikuwa inakunywa na inakufa njaa, na sababu ilikuwa ni moja.

Tangi liliondolewa likaachwa wazi mpaka likakosa harufu. Wakatia maji ya sabuni na vijiwe visafi walivyovihesabu, wakalitikisa kwa zamu, wakamwaga, wakarudia mpaka maji yakatoka safi, na vijiwe vikatoka vyote kwa hesabu. Likakauka juani kutwa nzima, kisha likasuuzwa kwa petroli kidogo. Walinunua chujio la koki, sindano na paipu. Kabureta mpya haikununuliwa, na pesa ya mbegu ilibaki kuwa ya mbegu.

Mkutano uliofuata mama mweka hazina alisimama. "Kijana wangu, nilikuuliza mbele ya watu, nakujibu mbele ya watu. Petroli ilikuwa inakwenda ardhini. Unisamehe."

Kijana akasema, "Mama, ulikuwa unalinda pesa yetu. Mimi pia ningeuliza." Lakini baadaye aliniambia kwamba zile wiki mbili za kutazamwa kama mwizi zilimuuma kuliko kusukuma pikipiki mlimani.

Hata yule fundi wa kabureta mpya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakisia. Kukisia kwa fundi hulipwa na mwenye pikipiki, ndiyo sababu ni vizuri kikundi kijue kuuliza: "Umejaribu mtiririko? Umetazama plagi? Tuonyeshe."

DAFTARI LA PETROLI

Kikundi hiki sasa kina daftari linaloning'inia stoo. Lina safu tano: tarehe, lita zilizotiwa, namba ya kilomita, safari ya wapi, sahihi ya dereva. Andikeni lita, si shilingi peke yake. Bei ya petroli hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo shilingi zinaweza kupanda na pikipiki haina kosa lolote. Lita hazidanganyi.

Hesabu ni rahisi. Jazeni tangi mpaka alama moja, muandike kilomita. Tumieni. Mkijaza tena mpaka alama ile ile, gawanyeni kilomita mlizokwenda kwa lita mlizotia. Mfano: kilomita 320 kwa lita 8 ni kilomita 40 kwa lita. Mwezi ujao mkipata kilomita 240 kwa lita 8, hiyo ni 30 kwa lita. Kuna kitu kimeharibika. Kama geji ya kilomita imekufa, hesabuni safari. Mfano, ni safari ngapi za soko kwa lita tano.

Namba ikishuka, fuateni utaratibu huu kabla ya mtu kutajwa jina. Kwanza kikopo chini ya kipaipu kwa nusu saa. Pili klina na choki. Tatu upepo wa magurudumu, na breki kama hazishiki gurudumu likiwa huru. Nne, je, mizigo au njia imebadilika? Kama yote ni sawa na namba bado iko chini, hapo ndipo mzungumze na dereva, kwa heshima na kwa faragha. Daftari hili linamlinda mweka hazina, na linamlinda dereva vile vile.

Kila wiki: mwageni bakuli la kabureta, tazameni paipu, kung'uteni klina. Kila jioni: fungeni koki. Ikikaa bila kutumika zaidi ya mwezi, mwageni petroli ya bakuli, na tangi liachwe limejaa ili kutu isipate nafasi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejua kufunga na kufungua koki ya pikipiki? Je, ni dereva peke yake? Akina mama wamefundishwa?

2. Pikipiki yetu inalala wapi usiku, na jiko liko umbali gani?

3. Je, tuna daftari la lita na kilomita? Kama hatuna, nani ataanza, na siku gani?

4. Tumewahi kumshuku mwenzetu kwa sababu ya kitu kilichoharibika? Tulimalizaje? Kuna mtu ambaye bado anatungojea tumwombe msamaha?